Nenda Saa ya Chakula

Mama yangu anaishi katika nyumba ya uuguzi pembezoni mwa Coventry, Uingereza, na mimi ndiye niliyempeleka. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu najua linavyowakwama kooni Waswahili wenzangu. Kwetu Unguja nyumba ya wazee ni Welezo au Sebuleni, na anayekwenda kuishi huko ni mzee asiye na wa kumtazama. Mama ana watoto, ana wajukuu, ana wakwe wanaompenda. Siku nilipomwambia shangazi kwa simu kwamba Mama hatarudi tena kwangu, alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwani mmekufa nyote?"

Sikumlaumu. Yeye alimwona Mama mara ya mwisho akiwa mzima wa akili, anakuna nazi na kucheka.

Mama alikuja Uingereza akiwa mke mchanga, akafanya kazi ya kushona kiwandani mpaka alipostaafu. Alipata kiharusi, akapona kiasi. Akapata kingine, na baada ya hapo madaktari wakatuambia ana dimenshia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Wengi wamesikia Alzheimer, ambayo ndiyo inayowapata watu wengi zaidi. Hii ya Mama ina mwendo wake: mgonjwa anakaa hali moja kwa miezi, mnaanza kuizoea, halafu kunakucha siku moja na jambo kubwa limetoweka. Kwanza yaliondoka mambo ya pesa. Kisha majina ya wajukuu. Kisha kikaondoka Kiingereza alichosema na mabosi na majirani kwa zaidi ya miaka 40, akabaki na Kiswahili chake cha Mwembetanga.

Alikuwa akiamka usiku wa manane na kuwasha jiko la gesi ampikie chai baba, aliyekwisha kufariki. Ikifika magharibi anataka kwenda kwao. Anavaa buibui, anasimama mlangoni, analia. Kuna usiku alitoka pekupeku kwenye theluji. Mimi nililala kwenye mkeka mbele ya mlango wake kisha nikaenda kazini asubuhi, dada yangu akashika zamu ya mchana, na wahudumu wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, wakaja mara nne kwa siku. Halafu akaanguka, akavunjika nyonga, na alipotoka chumba cha upasuaji hakuweza tena kusimama bila watu wawili na mashine ya kumnyanyulia. Hapo ndipo jambo lilipoamuliwa. Anayesema mapenzi peke yake yanatosha hajawahi kumgeuza mtu mzima kitandani kila baada ya saa mbili, usiku kucha, hana wa kumpokea.

Kaka yetu mkubwa yuko Maskati. Alipiga simu. "Mdogo wangu, mrudishe Mama nyumbani, mimi nitatuma pesa za mfanyakazi."

"Kaka, mfanyakazi mmoja hamnyanyui."

"Basi wawili."

"Na usiku?"

Akasema tutazungumza kesho. Tulizungumza kesho nyingi.

Hospitali za hapa zina utaratibu: mgonjwa aliyemaliza matibabu huhamishiwa nyumba ya uuguzi kwa muda, ili tathmini ya mahitaji yake ifanyike akiwa huko na kitanda kipate mwingine. Nyumba waliichagua wao. Sitaitaja jina. Kwa macho ilikuwa nzuri kupita hoteli nyingi: zulia zito, maua mabichi mezani, mashine ya kahawa kwa wageni, chumba kidogo cha sinema. Kwenye ukuta wa mapokezi palikuwa na bango la mkaguzi lenye daraja la "Nzuri".

Baada ya wiki chache Mama alikuwa hafumbui macho. Nilikuja jioni nikamkuta amelala kitini, kidevu kifuani. Nikaja asubuhi nikamkuta vilevile. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimejaa, kimepoa, kimewekwa upande wa mkono wake uliopooza. Alikuwa amevaa sweta la mtu mwingine. Miwani haikuwapo, na meno yake ya bandia yalikuwa ndani ya bilauri ya jirani yake. Kanga niliyomfunga kiunoni mwanzo niliweza kuizungusha karibu mara mbili.

Niliomba chati ya uzito. Mhudumu alikuwa msichana mpole, wa wakala, siku yake ya kwanza pale. Hakujua chati ziko wapi. Nesi alikuwa mmoja kwa ghorofa mbili. Ilipopatikana, ilionyesha Mama alipimwa alipofika na hakupimwa tena. Nyumba inayojali humpima mtu kila mwezi, na akianza kukonda humpima kila wiki, humwita mtaalamu wa lishe na kuongeza siagi na maziwa kwenye chakula chake.

Kisha nikaomba karatasi ya dawa. Humo nikakuta risperidoni, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili. Niliambiwa Mama "anapiga kelele na kuwasukuma wahudumu". Nami nafanya kazi ya usafi hospitalini, si daktari, lakini nilirudi nyumbani nikasoma usiku ule hadi macho yakauma. Uingereza dawa hiyo imeidhinishwa kwa mgonjwa wa Alzheimer mwenye fujo isiyokoma, baada ya njia nyingine kushindikana, na kwa muda usiozidi wiki 6. Huongeza hatari ya kiharusi. Mama ameshapata viwili. Mwaka 2009 serikali ya hapa ilipokea ripoti ya Profesa Sube Banerjee iliyokadiria kwamba watu 180,000 wenye dimenshia walikuwa wakipewa dawa za namna hii kila mwaka, na kwamba waliopata nafuu ya kweli walikuwa kama 36,000 tu. Vifo vya ziada vilikadiriwa kuwa 1,800 kwa mwaka. Nilizisoma namba hizo nikiwa na kanga ya Mama mapajani.

Siku iliyofuata nilimwomba daktari aje. Alimkagua Mama kwa utulivu, akamgusa goti la kushoto, na Mama akapiga kelele zile zile zilizoandikwa kwenye faili. Goti lilikuwa limevimba. Tumbo nalo lilikuwa gumu, hajapata choo siku nyingi. Kila asubuhi watu wawili walikuwa wakimnyanyua mwanamke mwenye goti bovu na tumbo lililofunga, akawasukuma, wakamwandikia fujo. Daktari alisimamisha risperidoni, akaandika parasetamoli kwa saa maalumu, si ile ya "akiomba", maana Mama hawezi kuomba, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Huko Norwei kulichapishwa utafiti mwaka 2011 kutoka nyumba 18 za uuguzi: wagonjwa wenye dimenshia waliotibiwa maumivu kwa utaratibu kwa wiki 8 walipungukiwa na fujo kwa asilimia 17. Kwa Mama sikuhitaji asilimia. Wiki ya pili alifumbua macho akaniuliza nimekula nini.

Hapo nikajua tunahama, na safari hii nyumba nitaichagua mimi.

Tume ya Ubora wa Huduma, ambayo hapa kila mtu anaiita CQC, ndiyo inayokagua nyumba hizi England nzima. Huuliza mambo matano: je, nyumba ni salama, huduma yake inafaa kitu, watu wake wana huruma, inaitikia haja za kila mmoja, na inaongozwa vizuri? Kisha hutoa daraja moja kati ya manne: bora kabisa, nzuri, inahitaji kurekebishwa, haifai. Ripoti ziko wazi kwa kila mtu na sheria inaitaka nyumba ibandike daraja lake. Nilizisoma ripoti nyingi, na ushauri wangu kwa mwenye kuanza ni huu: tazama tarehe kabla ya daraja. Ripoti ya miaka minne nyuma inasifia meneja ambaye pengine alishaondoka na nusu ya wafanyakazi. Baada ya hapo soma sehemu ya usalama na ya uongozi, maana huko ndiko yanakoandikwa mambo ya dawa zilizosahauliwa, kengele zisizoitikiwa na watu wanaoanguka bila ya mtu kuuliza kwa nini. Nyumba iliyoshuka daraja, ikapata meneja mpya na ikapanda tena, mimi naiamini kuliko ambayo haijakaguliwa kwa muda mrefu.

Ripoti inakusaidia kupunguza orodha. Kuchagua ni kwa macho, na macho yaende saa ya chakula cha mchana bila miadi. Nyumba nyingine ziliniambia wageni hawapokelewi wakati huo kwa ajili ya utulivu wa wazee. Huenda ni kweli, lakini nilizifuta.

Katika nyumba moja niliona mhudumu amesimama kati ya bibi wawili, kijiko kimoja kulia, kijiko kimoja kushoto, anazungumza na mwenzake kuhusu zamu ya Jumamosi. Chakula cha kusagwa kilikuwa kimevurugwa chote pamoja, nyama, karoti na viazi, kikawa rangi moja ya kijivu. Bibi mmoja alikohoa. Kijiko kingine kikaingia.

Katika nyumba tuliyoichagua zulia limechakaa na rangi ya ukumbi imebanduka pale viti vya magurudumu vinapogonga. Nilipoingia palinukia vitunguu vya kukaanga. Mhudumu, mwanaume wa makamo kutoka Zimbabwe, alikuwa amekaa kwenye kigoda ili uso wake uwe chini kidogo ya uso wa mzee aliyekuwa akimlisha. Alimwonyesha kila kitu kabla ya kukichota: "Hii samaki. Hii njegere." Vilikuwa vimesagwa mbali mbali, kila kimoja na rangi yake. Alipomtia kijiko alingoja. Alitazama koo likipanda na kushuka, akangoja tena, ndipo akachota kingine. Mzee mmoja alinyanyuka akaenda zake na mkate mkononi, na hakuna aliyemkalisha kwa nguvu. Msichana mmoja alimfuata na sahani, mzee akawa analishwa huku anatembea. Nilikaa pale mpaka sahani zikaondolewa. Nikaona tena kwamba aliyekuja kuzikusanya aliandika nani amekula kiasi gani kabla ya kumwaga mabaki.

Meneja alinikuta pale pale. Nilikuwa na maswali yangu kwenye daftari na sikuona haya kuyasoma moja moja. Usiku mna watu wangapi kwa ghorofa hii, na nesi analala au yuko macho? Wangapi kati yao ni wa wakala? Wafanyakazi wenu wanakaa muda gani kabla ya kuondoka? Ni wazee wangapi hapa wanaotumia dawa za kutuliza akili, na nani anazipitia? Nionyesheni mnavyojua mtu asiyeweza kusema ana maumivu. Hili la mwisho ndilo lililonipa moyo, maana hakujibu kwa maneno. Alimwita nesi, naye akaleta fomu ya kipimo cha Abbey, kilichotungwa Australia: unatazama uso, unasikiliza sauti, unaangalia mwili unavyojikunja, tabia iliyobadilika, jasho na mapigo ya moyo, alama za jeraha au vidonda, unapata alama. Fomu ilikuwa ya mzee aliyekuwa akiishi juu ghorofani, jina limefunikwa kwa kidole, na ilijazwa asubuhi ile.

Mengine yalikuwa yetu sisi. Nilisema Mama haoshwi na mwanaume. Hawakukunja uso, waliandika, na wakaniambia wazi kwamba usiku mmoja katika wiki zamu yao ina mwanamke mmoja tu, kwa hiyo watabadilisha ratiba kabla hajaja. Niliuliza nyama halali. Nikauliza kuhusu mlango wenye namba za siri, kwa kuwa najua kumfungia mtu asiyeweza kuamua ni jambo la sheria: nyumba lazima iombe kibali kwa kaunsili, na jamaa wa mgonjwa wana haki ya kukiona na kukipinga. Meneja alijua tarehe ya kila kibali.

Pesa nitasema kwa ufupi, ingawa ndizo zinazowatoa watu jasho. England mwenye mali isiyozidi pauni 23,250 husaidiwa na kaunsili. Aliye juu ya hapo hujilipia. Mama alikuwa mpangaji, hana nyumba wala akiba ya kufika huko. Walituambia kwamba nyumba ile inazidi kiwango cha kaunsili na familia itabidi iongeze kila wiki. Ofisa wa ustawi wa jamii, Mungu ambariki, ndiye aliyenieleza kwamba nyongeza ya familia ni hiari, na kwamba kaunsili wanapaswa kutoa angalau nafasi moja inayomfaa mgonjwa bila nyongeza. Niliwaandikia barua, nikaeleza kwa nini zile nafasi nyingine hazimfai: hakuna nesi usiku, hakuna mwanamke wa kumwogesha. Kaunsili walikubali kulipa. Pia upo mfuko wa NHS, huduma ya afya ya taifa, unaolipa gharama zote kwa mtu ambaye haja zake ni za kiafya zaidi, bila kujali mali yake. Hupimwa katika maeneo 12, kuanzia kupumua na kula hadi tabia na ufahamu. Mama alikataliwa. Tumekata rufaa, na chati za kile kipindi cha mwanzo zimo kwenye faili.

Siku ya kuhama nilibandika karatasi juu ya kitanda chake, herufi kubwa: maji, choo, naumwa, baridi, njoo, basi. Pembeni nikaandika namna ya kutamka kwa Kiingereza. Nikajaza kijitabu cha shirika la Alzheimer's Society kinachomweleza mgonjwa alikuwa nani: mshonaji, mpenda taarabu, asiyekunywa chai bila iliki, anayetaka kujifunika kichwa mbele ya wageni, anayeogopa maji yakimwagwa usoni ghafla. Nilifikiri kitakaa tu kwenye droo. Yule Mzimbabwe alikisoma siku ile ile na jioni akaniuliza iliki inauzwa wapi.

Si kwamba kila kitu ni sawa. Nguo bado zinapotea kwenye dobi. Wakati fulani kengele ililia muda mrefu na nilikwenda kulalamika, wakanionyesha rekodi ya kengele zote za siku ile na kuomba radhi kwa maandishi. Mama alipata maambukizi ya njia ya mkojo, akaanza kuona watu ukutani. Nesi wa usiku aliyagundua kabla yetu kwa sababu aliona Mama ameacha kuitikia salamu yake. Hadi leo hana kidonda hata kimoja cha kulalia. Mwenye kumuuguza mtu kitandani anajua hilo lina maana gani.

Kaka alikuja kutoka Maskati wakati wa likizo. Nilimpeleka saa ya chakula. Mama alimwita kwa jina la mjomba wetu, akamwambia akae ale. Alikaa. Alikuwa amekuja na maneno mengi, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa kimya garini, lakini alipoona mhudumu anangoja Mama ameze, akachukua kijiko akaomba aonyeshwe. Kabla ya kuondoka alikwenda mwenyewe kwa nesi na kumuuliza uzito wa Mama mwezi huu na mwezi uliopita. Kisha alimpigia shangazi. Sijui walisema nini. Siku hizi shangazi akipiga simu ananiuliza kama Mama amekula.

Mkutano wa kupitia mpango wake wa huduma ni wiki ijayo. Meno ya bandia yamelegea kwa sababu ya kule kukonda, nataka daktari wa meno aje kumpima pale pale. Yule mhudumu wa Zimbabwe anahamishiwa zamu ya usiku, na nimeandika juu kabisa kwenye daftari: mchana nani atamlisha, na ataanza lini kukaa pembeni kutazama mwenzake anavyofanya.